Firigisi ya Mama Husna

Siku Hezroni Mmbaga alipogonga meza kwa kijiko na kutangaza kwamba kuku asiye na firigisi si kuku mzima, Mwanaidi alikuwa jikoni anakaanga vitunguu. Alimsikia vizuri tu, wala hakushtuka. Hezroni alikuwa mfanyabiashara wa tangawizi, mtu wa Myamba, anayeshuka mlimani kila siku ya gulio, na halikupita gulio bila yeye kudai haki yake ya hili au lile: mara mchuzi ni mwepesi, mara kiti alichozoea kimekaliwa na mtu asiyemjua. Lakini siku hiyo aliongeza maneno mengine, na hayo ndiyo yaliyomfanya Mwanaidi aache mwiko ndani ya karai.

"Mnauliza firigisi inakwenda wapi?" alisema Hezroni, ingawa hakuna aliyeuliza. "Mtazameni mama shavu. Imo humo."

Wateja wote wakageuza shingo kuelekea dirisha la jikoni. Mwanaidi alikuwa amesimama pale pale, shavu lake la kushoto limetuna kama la mtu aliyebugia kipande cha nyama akasahau kukitafuna.

Uvimbe wenyewe haukuwa mgeni. Ulianza miaka mingi nyuma, chini kidogo ya sikio, mdogo kama punje ya harage, haumuumi, haumwashi. Mama mkwe wake alisema ni machubwichubwi, akampaka masizi ya sufuria. Machubwichubwi huja yakaondoka, huu haukuondoka. Mwingine akasema ni jino, Mwanaidi akaenda kung'oa gego zima lisilo na hatia yoyote. Jirani akasema ni rovu, dawa yake chumvi ya madini joto, naye akala chumvi mpaka Swalehe, mumewe, akalalamika kwamba wali unamchoma ulimi. Uvimbe ukawa unaongezeka taratibu, kama mtu anayejenga nyumba kwa mshahara mdogo, hata ukainua ndewe ya sikio, hereni ya kushoto ikawa inaelekea mbele wakati ya kulia inaning'inia kama kawaida. Kwa kuwa hauumi, Mwanaidi aliuzoea. Hoteli yake ilikuwa jirani na stendi ya Same, mabasi yanaingia na kutoka, watu wana njaa. Nani ana nafasi ya kukaa ameshika shavu?

Sasa shavu limekuwa kesi.

Ubaya ni kwamba firigisi zilikuwa zinapotea kweli, na Mwanaidi mwenyewe alijua. Swalehe anachinja kuku uani, Mwanaidi anawanyonyoa, anawapasua, anaosha maini na firigisi, anatumbukiza vyote sufuriani. Wakati wa kupakua, maini yapo, shingo ipo, miguu ipo, firigisi hamna. Alishuku paka, akanunua kifuniko kizito. Paka akakonda, firigisi zikaendelea kupotea. Swalehe hakumshuku hata kidogo kwa sababu Swalehe alikuwa na jongo. Alikuwa amekatazwa nyama zote za ndani, na katazo hilo alilihubiri kwa kila mteja aliyekuwa tayari kusikiliza na hata kwa wale ambao hawakuwa tayari. Cha ajabu, kidole gumba chake cha mguu kilikuwa bado kinamvimba kila baada ya gulio, na Mwanaidi alikuwa akikikanda kwa maji ya moto na kukionea huruma.

Hezroni hakuishia kwenye kelele. Gulio lililofuata alishuka na jogoo wake mwenyewe, kafungwa miguu, kabebwa kwapani kama mkoba. Akataka achinjwe mbele ya macho yake. Firigisi ilipotoka tumboni akaishika, akaichanja pembeni kwa kisu iwe na alama, akairudisha kwenye beseni, kisha akaenda kukaa mezani na kukunja mikono. Sahani ilipoletwa, jogoo alikuwepo mzima isipokuwa ile firigisi yenye alama.

"Haya," alisema Hezroni kwa upole uliowatisha waliomzoea. "Mwiteni mwenyekiti."

Paschal, mwenyekiti wa mtaa, alikuwa mtu mnene, mstaarabu, mpenda utaratibu. Alikuwa amesuluhisha kesi za mipaka, za mbuzi, za redio kupigwa kwa sauti kubwa, lakini kesi ya firigisi ilikuwa ya kwanza, na alikuja mbio akiwa amevaa koti.

"Mama Husna," alisema, akimwita kwa jina la bintiye kama mtaa wote ulivyomwita, "naomba ufumbue kinywa."

"Mbele ya wateja?"

"Ni kwa faida yako."

Mwanaidi akafumbua. Paschal akawasha tochi ya simu na kuchungulia. Dereva wa basi la Arusha akaacha chai yake, akaja kuchungulia naye. Abiria ambao hata hawakujua jambo linahusu nini wakapanga foleni nyuma ya dereva.

"Inua ulimi. Upeleke kulia. Haya, kushoto."

Walijadiliana kidogo juu ya pengo la gego, kama linatosha kuficha kitu. Ikaonekana halitoshi. Mwishowe Paschal akazima tochi na kutoa kauli: "Kinywa kitupu. Shavu limejaa."

"Si ndivyo nilivyosema?" alidakia Hezroni.

"Lakini nyama yenyewe hatujaiona."

"Kaiingiza kwa ndani."

"Ndani ya wapi?" Mwanaidi aliuliza, taya zimemchoka. "Shavu lina mlango gani, baba?"

Mlango haukujulikana. Paschal akaona kwamba shauri limevuka uwezo wa mtaa. Akaamua Mama Husna aende hospitali, daktari athibitishe kwamba shavuni hamna nyama, mambo yaishe. Yeye mwenyewe angemsindikiza kama shahidi asiyeelemea upande wowote. Hezroni akasema naye atasindikiza, kama upande.

Daktari waliyemkuta alikuwa kijana aitwaye Rodgers. Alisimama alipomwona mama wa makamo anaingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja unithibitishie kwamba sili firigisi."

Rodgers alimtazama. Kisha akatazama shavu, akaweka kalamu chini, akasahau kuuliza swali alilokuwa amekusudia. Alinawa mikono, akaja nyuma yake, akaupapasa uvimbe kwa ncha za vidole, akausukuma huku na huku. Ulikuwa mgumu, wa mviringo, unacheza chini ya ngozi. Umeanza lini? Unauma? Umekua ghafla siku za karibuni? Uso umewahi kupinda? Akamwambia afumbe macho kwa nguvu, apandishe nyusi, atoe meno. Mwanaidi alitii yote. Baada ya ule ukaguzi wa stendi, hili lilikuwa jambo dogo.

"Nani alikwambia ni jino, mama?"

"Watu."

"Hapa pana tezi ya mate," alisema Rodgers, akijigusa mwenyewe mbele ya sikio. "Ndiyo inayokutoa mate ukiona chakula kizuri. Sasa ndani ya tezi hiyo kuna nyama imeota."

Neno nyama lilipita chini ya mlango. Nje, kwenye benchi walikokuwa wamekaa shahidi na upande, Mwanaidi alisikia mbao zikilia, halafu viatu vikienda mbio kuelekea getini.

Yeye alibaki amemkazia macho daktari. "Ni saratani?"

"Nyingi za namna hii si saratani. Lakini mimi sijui kwa kugusa tu, na usikubali mtu yeyote akwambie anajua kwa kugusa tu. Watachukua chembe kwa sindano nyembamba, wapime. Na hata isipokuwa saratani, mama, ikiachwa miaka na miaka inaweza kugeuka. Nakupa rufaa uende Moshi."

Alirudi kwa miguu peke yake, upepo wa Same unampiga vumbi machoni, milima nyuma yake imekaa na mawingu yake kama haihusiki. Habari zilikuwa zimemtangulia. Pale stendi walikuwa wanapashana: daktari amethibitisha, ni nyama! Kondakta mmoja alimsogelea kwa heshima zote na kumuuliza kama ni ya kuku au ya ng'ombe. Mwanaidi aliingia jikoni, akajifunga kanga kiunoni, akaanza kupepeta mchele. Watu wote walikuwa na firigisi midomoni. Yeye peke yake alikuwa na hofu ya saratani, na hakuona wa kumgawia.

Jioni alimwambia Swalehe. Swalehe alikuwa kwenye kigoda chake, macho chini.

"Mama Husna," alisema, "firigisi haina hatia."

Mwanaidi aliona ni maneno ya ajabu, lakini akayachukulia kuwa ni uchungu wa mume.

Walikwenda Moshi pamoja, kwenye hospitali ya rufaa. Walimpiga picha ya utrasaundi, kisha sindano nyembamba ikaingia shavuni na kutoka na kitu kidogo mno ambacho Mwanaidi hakuamini kinaweza kusema lolote. Kilisema. Majibu yalipotoka, mpasuaji, Daktari Irine, mwanamke mfupi mwenye miwani na maneno ya haraka, aliwakalisha wote wawili.

"Si saratani," alianza na hilo, na Swalehe akalia hapo hapo. Daktari akamsubiri amalize. "Ni uvimbe wa mchanganyiko, ndio unaoonekana zaidi kwenye tezi hii. Lakini lazima utoke. Na hautolewi kwa kuuchokonoa peke yake. Umewahi kutoa nyongo kwenye ini la kuku?"

"Kila siku."

"Ukiipasua?"

"Ini lote limeharibika."

"Basi na huu ni hivyo. Ukipasuka, mbegu zake zinamwagika, baada ya miaka unarudi vipande vipande. Kwa hiyo nautoa pamoja na sehemu ya tezi inayouzunguka, mzima mzima. Kazi ngumu ni nyingine. Katikati ya tezi unapita mshipa wa fahamu unaoendesha uso. Ukiingia hapa unagawanyika." Alitandaza vidole vyake juu ya shavu la Mwanaidi. "Huu wa paji, huu wa jicho, huu wa shavu, huu wa mdomo, huu wa shingo. Umekaa kama mguu wa bata."

Mwanaidi alifikiri. "Kwa hiyo nina firigisi imekalia mguu wa bata."

Daktari Irine alifungua kinywa kukataa, akakifunga. "Unaweza kusema hivyo. Sasa nataka nione mshipa unavyofanya kazi kabla sijaugusa. Nitoe meno. Vizuri. Jaza mashavu upepo. Piga mluzi."

"Nini?"

"Mluzi."

Mwanaidi alikaa wima. Tangu azaliwe hakuwahi kupiga mluzi. Kwao, kijijini Kisiwani, mwanamke wa kupiga mluzi alikuwa akiitwa jina baya. Alimtazama mumewe amsaidie.

"Naweza kumpigia mimi," alisema Swalehe, akijifuta machozi.

"Baba, mshipa ni wa kwake."

"Mimi na yeye ni mwili mmoja, daktari."

Ikabidi Swalehe atolewe nje. Ndipo Mwanaidi akafunika macho kwa mtandio, akakusanya midomo, na baada ya kutoa pumzi tupu mara kadhaa, ukatoka mluzi mwembamba kama wa birika linaloanza kuchemka. Daktari alisema unatosha. Nje, Swalehe aliwaambia watu waliokuwa wakisubiri kwamba yule anayepiga mluzi ni mkewe, na hajawahi kumsikia.

Asubuhi ya upasuaji walimlaza kwenye kitanda cha magurudumu, kofia ya kijani kichwani. Swalehe alikuwa akitembea ubavuni mwa kitanda, kashika chuma. Walipoukaribia mlango ambao ndugu hawavuki, alianza kutokwa jasho.

"Mama Husna, nina neno. Maana kama hutarudi…"

"Nisirudi niende wapi?"

"Zile firigisi," alisema Swalehe. "Nilikuwa nakula mimi."

Muuguzi aliyekuwa anasukuma akapunguza mwendo bila kuambiwa.

"Zote?" aliuliza Mwanaidi.

"Moja niliiacha. Ilikuwa haijaiva."

"Na ile ya Hezroni? Yenye alama?"

"Niliiona alama, nikadhani umenichanjia wewe."

Mwanaidi aliinuka akakaa juu ya kitanda. Muuguzi akamwomba alale. Akalala, akainuka tena. Mume ambaye yeye amekuwa akimkanda kidole gumba kwa maji ya moto! Amefumbuliwa kinywa mbele ya dereva wa Arusha, amemulikwa tochi, ameulizwa ya kuku au ya ng'ombe, na huyu alikuwa amesimama mlangoni kashika kisu cha kuchinjia, anasikitika pamoja na wengine! Alikuwa na mengi ya kusema lakini mlango ukafunguka na kitanda kikapita. Alichowahi kusema ni: "Nisubiri."

Ndani, mtaalamu wa usingizi alimwambia ahesabu taratibu. Mwanaidi hakuhesabu. Alianza kutaja siku ambazo firigisi zilipotea: Iddi, arusi ya Husna, siku aliyokuja mkuu wa shule, gulio la mvua kubwa. Aliyekuwa na sindano alimtazama Daktari Irine kwa wasiwasi. Daktari akasema aendelee tu. Mwanaidi alisinzia katikati ya maulidi.

Walikata mbele ya sikio, wakazunguka chini ya ndewe, wakateremka kidogo shingoni. Daktari Irine aliutafuta mshipa pale unapotokea kwenye mfupa, akaufuata tawi kwa tawi, akiinyanyua tezi juu yake kama mtu anayebandua karatasi iliyogandamana na karatasi nyingine. Ilichukua muda mrefu. Tawi la mdomo wa chini lilikuwa limevutwa na uvimbe mpaka likawa jembamba kama uzi wa kushonea. Hakulikata. Uvimbe ulitoka mzima.

Mwanaidi alipozinduka vizuri alikuwa wodini, kafungwa bandeji kubwa, mrija mdogo unatoka chini ya sikio. Daktari alikuwa ameinama juu yake.

"Mama, unanisikia? Nifanyie kitu kimoja. Kunja uso."

Mwanaidi hakuwa na sababu ya kukunja uso. Kisha akaona, nyuma ya bega la daktari, Swalehe amesimama na chupa ya uji. Uso ukakunjamana. Paji lilishuka, nyusi zikakutana, macho yakawa mstari, pua ikapanda.

"Safi kabisa!" alisema Daktari Irine, akapiga makofi. "Safi! Matawi ya juu yote yanafanya kazi. Fumba macho sasa. Mama, fumba macho. Inatosha kukunja."

Haikutosha. Ilibidi Swalehe aondoke na uji wake. Alipotoka ndipo Mwanaidi akajaribu kutabasamu, na hapo upande wa kulia ulikwenda, pembe ya kushoto ya mdomo ikabaki palepale kama haikuambiwa. Daktari akasema mshipa umechoka kwa kuvutwa, utaamka wenyewe, wiki kadhaa, huenda miezi. Na ndewe ya sikio itabaki na ganzi, hiyo azoee. Hivyo Mwanaidi akarudishwa kwenye mto akiwa mtu anayeweza kukasirika kikamilifu na kufurahi nusu.

Kesho yake walikuja Paschal na Hezroni. Paschal alileta machungwa. Hezroni alileta tangawizi, akaiweka mezani bila maelezo, akavuta kiti.

"Pole sana, mama. Mungu akuponye," alisema. Akakohoa. "Kile kielelezo kiko wapi?"

"Kielelezo gani?"

"Kilichotolewa."

Daktari Irine, aliyekuwa akipita wodini, alieleza kwamba kiko maabara, kwenye chupa ya dawa, kinakatwa kipimwe chote. Ila alikuwa na picha, na kama mama mwenyewe anaridhia wanaweza kuiona. Mwanaidi akaridhia. Wale wanaume wawili wakainamia simu, vichwa vikagongana. Kwenye picha kilikuwa kitu cha mviringo, kimebonyea katikati, cheupe chenye rangi ya buluu kwa mbali, kinang'aa.

"Mwenyekiti," alinong'ona Hezroni. "Si unaona?"

"Naona," alisema Paschal. Alivua kofia. "Ni firigisi."

"Ni uvimbe wa tezi ya mate," alisema daktari.

"Daktari, mimi nimekula firigisi tangu utoto."

"Ila ya kwangu haipo hapo," Hezroni alisema kwa huzuni, akiikuza picha kwa vidole. "Ile ilikuwa na alama."

Mwanaidi aliwaambia kwa nusu ya mdomo, maneno yanateleza kidogo kwenye herufi za p na b: "Ya kwako muulize Baba Husna."

Swalehe alikuwa mlangoni. Hakukimbia, kidole kilikuwa kinamuuma. Alikiri pale pale wodini mbele ya wagonjwa, tangu gulio la kwanza hadi la mwisho. Hezroni alimsikiliza kwa makini, na kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyozidi kunyong'onyea, maana alikuwa amejiandaa kwa kesi nzito na mshtakiwa sasa amekuwa mgonjwa wa jongo anayelia. Paschal alitoa uamuzi kabla wauguzi hawajawatoa nje: Hezroni, kila siku ya gulio, atakuwa na haki ya kukaa jikoni akiitazama sufuria kwa macho yake mpaka kuku apakuliwe.

Na alikaa kweli. Mwanaidi aliporudi kazini, kovu limejificha kwenye mkunjo wa mbele ya sikio kiasi cha kutoonekana, alimkuta Hezroni kwenye kile kigoda cha Swalehe, ameitazama sufuria. Mtu hawezi kutazama sufuria tu. Gulio la pili alikuwa anamenya viazi. Baadaye akaanza kuchambua maharage ya makande na kusema kwamba mlimani hawapiki hivyo, na Mwanaidi akamwambia apike basi, naye akapika, na madereva wakayapenda. Mtu wa haki zake aligundua kwamba jikoni kuna mengi ya kudaiwa kuliko mezani: mwiko fulani, upande fulani wa jiko. Firigisi yake alipewa kwanza kabisa, kwenye kisahani. Swalehe alihamishiwa kwenye chai, na kidole gumba kikapoa.

Kilichomsumbua Mwanaidi miezi ile ni tabasamu. Mteja akisema kitu cha kuchekesha yeye anacheka, na mdomo unakwenda upande mmoja kama mtu anayemdharau. Dereva wa Arusha aliagiza chapati, Mwanaidi akatabasamu, dereva akauliza chapati ina kasoro gani. Mwanamke mmoja aliyekimbiwa na mumewe alimvuta kando akamsihi asimcheke, mume atarudi. Sikio nalo lilikuwa limekufa ganzi, na siku moja hereni ilichomoka bila yeye kusikia, akaikuta jioni ndani ya unga wa ngano, akamshukuru Mungu kwamba ameikuta yeye. Lakini majibu ya maabara yalikuwa yamesema vizuri, hakuna kibaya kilichojificha, pembeni kote kumetoka safi. Na asubuhi moja, akipiga mswaki mbele ya kioo kidogo cha uani, aliona pembe ya kushoto ya mdomo imecheza. Siku zilizofuata ikacheza zaidi. Mpaka vuli inaanza alikuwa anacheka pande zote mbili, na biashara ikatulia.

Ndipo, siku ya gulio, akionja mchuzi, Hezroni akaangusha kisu.

"Mama Husna! Shavu linavuja!"

Mwanaidi akajigusa. Mbele ya sikio la kushoto ngozi ilikuwa imelowa, matone yanateremka mpaka kidevuni, wakati shavu la kulia ni kavu kama karatasi. Akapangusa. Akaonja tena, likavuja tena. Alipoacha kula likakauka. Alipomega ndizi mbivu, likavuja. Hezroni alisimama karibu, kisahani cha firigisi mkononi, akakipitisha mbele ya pua ya Mwanaidi kwa majaribio, na tone likatokea.

"Limepasuka," alisema Swalehe kutoka kwenye birika la chai, uso umemsawajika. "Mate yanatokea nje."

Alirudi Moshi na hofu yake ile ya zamani. Daktari Irine alipomsikiliza akafurahi kupita kiasi, akawaita wanafunzi.

"Hii ni kazi ya mishipa," alieleza. "Tulipotoa tezi, vimishipa vilivyokuwa vinaiamrisha itoe mate vilibaki havina mwenyewe. Vikaota, vikatafuta pa kushika, vikashika vitezi vya jasho kwenye ngozi. Sasa ukiona chakula, amri ya mate inatoka kama zamani, inafika kwa jasho. Si ugonjwa, mama. Ni amri imekosea anwani. Tutaonyesha mpaka wa sehemu inayotoa jasho."

Wakampaka shavu zima dawa ya ayodini, ikakauka, wakamnyunyizia unga mweupe wa wanga juu yake mpaka akafanana na chapati isiyopikwa. Kisha mwanafunzi mmoja akaleta limau lililokatwa, akampa kwa mikono miwili. Watu wote wakainama.

Mwanaidi aling'ata limau. Palepale, mbele ya sikio, unga ukaanza kugeuka rangi, kwanza doa, kisha madoa, kisha shavu zima la kushoto likawa la buluu ya kukolea, karibu nyeusi. Wanafunzi walishangilia kama wameona goli. Daktari alichora mpaka kwa kalamu ya wino na kumweleza dawa yake ya kuanzia: apake pale dawa ya kwapa, ile ile inayozuia jasho inayouzwa madukani, akilala na akiamka.

"Ya kwapa? Usoni?"

"Usoni. Ila iwe ya kwako, usichangie na mzee."

Wakamsafisha kwa spiriti, lakini buluu ilikuwa imeshika na basi lilikuwa linaondoka. Akajitanda mtandio vizuri, akapanda. Njiani joto lilizidi, mtandio ukateleza. Bibi aliyekaa naye, anayekwenda kijijini Bendera kwa mjukuu, alimtazama muda mrefu kabla ya kumgusa mkono.

"Mwanangu, nani kakupiga?"

"Hakuna, bibi, shikamoo. Nilikula limau."

Bibi alilitazama lile shavu tena, pamoja na mpaka wake wa wino. Kisha akainama, akafungua kikapu kilichokuwa miguuni pake, akayatazama malimau aliyonunua Moshi sokoni, na taratibu akakisukuma kikapu chini ya kiti cha mbele, kwa watu wengine.